Batani mbili za presi peke yake hazitoshi: tuliyopitia karakanani baada ya kijana wetu kukatwa vidole

Naandikia mtu yeyote anayesimama mbele ya presi, yaani mashine ya kukata na kukunja bati kwa kuigandamiza, gilotini ya karatasi, ama mashine yoyote inayoendeshwa kwa kufinya batani mbili na mikono miwili, ili mikono yote isiwe ndani wakati inashuka. Na zaidi naandikia yule fundi ambaye kesho ataitwa na bosi aambiwe "weka hizo batani mbili tumalize hii maneno". Mimi nimekuwa opereta wa presi hapa Industrial Area, Nairobi, upande wa Lunga Lunga Road, kisha nikahamishiwa matengenezo, halafu wenzangu wakanichagua kwa kamati ya usalama. Hii kazi nimeiona nikiwa nimekaa kwa kiti cha opereta na pia nikiwa nimelala chini ya mashine na bisibisi. Maneno haya ya batani nayachukulia kwa uzito sana kwa sababu nimeona mtu akiumia mashine ikiwa na batani mbili mpya kabisa, zinazofanya kazi vile zilivyotengenezwa kufanya.

Wacha nianze na vile mambo yalikuwa. Sisi tulikuwa tunatengeneza bawaba, komeo za milango na vibano vya mabomba. Presi zilikuwa tatu, mbili za klachi ya upepo na moja ya zamani sana ya klachi ya pini (klachi ndiyo inaunganisha injini na kichwa cha presi kishuke), na zote zilikuwa zinaendeshwa na pedeli ya mguu. Vibarua wengi wanatoka Mukuru, wanafika getini asubuhi na mapema wakisubiri kuitwa, na malipo yalikuwa kwa pisi, yaani unalipwa kulingana na vipande umetoa. Hiyo ya malipo mtu aiweke akilini kwa sababu nitairudia.

Ajali ya kwanza ilitokea kwa ile presi ya pini. Kijana alikuwa anakunja bawaba, kipande kikakwama kwa dai ya chini, yaani kile chuma kinachopa bati umbo, akaingiza vidole kukitoa na mguu haukuwa umetoka kwa pedeli. Kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Tulimfunga na shati tukamkimbiza hospitali. Niliporudi nikakuta kile kipande cha bati bado kiko palepale ndani ya dai, kimekunjwa nusu, na flaiwili, lile gurudumu zito la presi, inazunguka kwa sababu hakuna mtu alikumbuka kuzima. Mama yake alikuja getini siku iliyofuata, akaniuliza, "Mwanangu, sasa atashika nyundo na mkono gani?" maana kijana alikuwa anaweka pesa kidogo kidogo aende akafanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda. Nilimwambia mama pole, sikuwa na neno lingine, na usiku huo usingizi ulikataa.

Hapa niseme mambo ya fidia haraka maana watu wengi wanapotelea hapo. Kibarua pia analindwa na sheria ya Kenya ya fidia ya kuumia kazini, WIBA ya 2007, usikubali kuambiwa ati kwa sababu hauko kwa payroo hauna haki. Ajali ambayo haijaua mtu, mwajiri anatakiwa airipoti kwa Mkurugenzi wa usalama kazini, ile ofisi tunaita DOSHS, ndani ya siku 7 tangu ajue. Ya kifo ni saa 24. Wewe mwenyewe ukikaa zaidi ya miezi 12 bila kumjulisha mwajiri haki yako inapotea, na ujulishe kwa maandishi ubaki na kopi. Tukiwa hospitalini walikuja watu wanajiita wakala wa mawakili, wanataka kijana asaini makaratasi akiwa bado na dawa ya maumivu, ati kesi itaenda kortini moja kwa moja na atapata mamilioni. Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 2019 kwamba vile WIBA inasema ndivyo, madai yanaanzia kwa Mkurugenzi, si kortini. Tukamwambia asisaini kitu chochote. Fidia alipata, ilichukua muda mrefu na kufuatilia kwingi, na ninavyoona mimi hakuna pesa inayolingana na vidole viwili vya fundi.

Sasa tuje kwa batani.

Bosi alishtuka kweli, huo mimi ni shahidi, na akasema pedeli zote zitoke. Akaletwa fundi wa umeme wa nje, akanunua batani za kawaida za Luthuli Avenue, zile za bei ya chini, akaziunga mbili kwa laini moja, yaani umeme unapita ya kushoto, unaenda ya kulia, unafika kwa valvu ya upepo. Ukifinya zote mbili presi inashuka. Kwa macho ilikaa sawa kabisa. Tukapiga picha, tukaambiwa sasa tuko salama.

Haikuisha wiki nyingi kabla sijaona mpira. Kipande cha tyubu ya baiskeli, cheusi, kimezungushwa mara kadhaa kwa batani ya kushoto na kufungwa kwa nyuma ya boksi mahali supavaiza hawezi kuona akipita. Ulikuwa umeshang'aa kwa jasho la vidole, ishara kwamba haukufungwa jana. Batani ya kushoto imefinywa siku nzima, opereta anatumia ya kulia peke yake, na mkono wa kushoto uko ndani ya dai unashika kipande. Presi nyingine walikuwa wamechomeka kijiti cha kiberiti pembeni ya batani isirudi. Mitambo miwili, ujanja tofauti, matokeo yale yale.

Supavaiza alitaka kufukuza watu. Mimi nilimwomba tungoje kidogo, nikakaa na yule dada wa presi ya kwanza wakati wa chai nikamuuliza bila kumlaumu. Akaniambia, "Kaka, hiki kibano kikiachwa peke yake kinaanguka. Lazima mtu akishike. Na hizi batani ni ngumu, ikifika saa tisa kifundo cha mkono kinawaka moto. Na nikitoa pisi chache nyumbani tunakula nini?" Kila kitu nilichokuja kujifunza baadaye kilitoka kwa hayo maneno yake. Kazi ilikuwa inadai mkono wa tatu, batani zilikuwa zinaumiza, na malipo yalikuwa yanamfukuza. Ukimfukuza yeye ukaandika mwingine, baada ya wiki mbili mpira utarudi.

Nikaanza kuulizia kwa watu wanaojua, kuna mhandisi mmoja mstaafu alinifundisha mengi sana na nilikuwa namsumbua hata Jumapili. Aliniambia kosa la kwanza liko kwa saketi yenyewe. Batani mbili zilizoungwa kwa laini moja haziwezi kujua kama moja imefungwa na mpira. Kinachotakiwa ni relei ya usalama, yaani swichi ya umeme inayokagua batani kabla ya kuruhusu mashine, iliyotengenezwa kwa kazi ya mikono miwili, ambayo kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 13851 kwa mashine kama presi inatakiwa iwe ile ya aina ya tatu. Hiyo inaangalia mambo haya: batani zote mbili zifinywe karibu kwa wakati mmoja, tofauti isizidi nusu sekunde. Ukiachilia moja wakati kichwa cha presi kinashuka, kinasimama. Na kabla ya mzunguko mwingine lazima uachilie zote mbili kwanza. Hapo mpira hauna kazi, kwa sababu batani iliyofungwa haijaachiliwa, mashine inakataa tu. Na relei yenyewe inajikagua, waya ukikatika ama kontakti ikijishika inakataa kuendesha.

Bei sasa. Relei ya kweli, si zile bandia, ilikuwa zaidi ya elfu ishirini kwa presi moja, ukiongeza boksi, batani kubwa za kichwa cha uyoga, waya na kazi ya fundi unaona bosi anaanza kukuna kichwa. Nilimwonyesha hesabu ya yale ametumia kwa ile ajali, hospitali, siku presi zimelala, kuajiri na kufundisha mtu mpya. Alinyamaza kidogo halafu akasaini. Mtu akikuambia ako na relei ya bei ya chai kwa duka la elektroniki, muulize cheti chake na umwangalie machoni.

Kosa la pili ndilo karibu liniponyoke kabisa, umbali. Yule fundi wa nje alikuwa ameweka boksi la batani karibu sana na dai, kama sentimita 30, ati opereta asichoke kunyoosha mikono. Mzee wangu yule mhandisi akachukua kalamu. Kasi ya mkono wa mtu kwenye hesabu hizi inachukuliwa ni milimita 1600 kwa sekunde. Unazidisha na muda ambao mashine inachukua kusimama tangu uachilie batani, kisha unaongeza milimita 250. Nikachukua video ya mwendo wa polepole na simu nikaona presi yetu inachukua kama robo sekunde kusimama, halafu tukaleta mtu mwenye kifaa maalum cha kupima akathibitisha, maana video ya simu inakupa mwangaza tu, usiitegemee kwa hesabu ya mwisho. Robo sekunde mara 1600 ni 400, ongeza 250, unapata milimita 650. Sisi tulikuwa na 300. Yaani mtu angeweza kuachilia batani, mkono ukafika kwa dai kabla dai haijasimama, na batani zote mbili zikiwa zinafanya kazi vizuri.

Halafu akaniuliza, na breki ikilika je? Hiyo sikuwa nimefikiria. Muda wa kusimama ukipanda kutoka sekunde 0.25 hadi 0.35, umbali unaotakiwa unakuwa milimita 810. Kumbe boksi lililokuwa salama mwezi wa kwanza linaweza kuwa si salama mwezi wa sita na hakuna mtu aliyeligusa. Ndiyo maana muda wa kusimama unapimwa tena na tena, na ndiyo maana boksi lazima lifungwe na bolti mahali pake. Ukiliweka kwa kistendi chenye magurudumu, opereta atalivuta karibu, na simlaumu.

Umbali kati ya batani zenyewe pia una mambo. Zikiwa karibu sana mtu anazifinya zote na mkono mmoja, kidole gumba huku na kidole kidogo kule. Kutenganisha milimita 260 kunazuia hilo. Lakini mtu anaweza kutumia kiganja na kiwiko cha mkono huohuo, na hapo unahitaji 550 ama uweke ukuta katikati. Halafu kila batani iwe na ukingo wa kuizunguka, ili goti, tumbo ama kipande cha bati kisiifinye kwa bahati mbaya. Tulikuwa na jamaa mrefu wa shifti ya usiku ambaye nilimkuta anafinya moja na paja, sikuamini mpaka nikamwomba anionyeshe tena.

Sasa ile presi ya zamani ya pini. Hii naomba msomaji asome polepole. Klachi ya pini ikishashika, haiachilii mpaka mzunguko mzima uishe. Ukitoa mkono kwa batani haisimami, inaendelea kushuka. Kwa hivyo batani mbili kwa hiyo mashine zinaanzisha tu safari, hazina uwezo wa kuikatiza. Presi yetu ilikuwa inapiga mara 60 kwa dakika na klachi yake ina sehemu moja tu ya kushika, maana yake unaweza kufinya batani wakati pini imepita tu, ingojee mzunguko mzima ndio ishike, halafu nusu mzunguko mwingine dai zifungane. Sekunde moja na nusu. Zidisha na 1600, ni mita 2.4. Nani atakaa mita mbili na nusu kutoka kwa dai akifanya kazi? Lakini batani zilikuwa zimeshawekwa pale na kila mtu alikuwa anaiita salama. Kwa presi hiyo tukaacha kabisa kuhesabu batani kama kinga, tukaweka kinga ya wavu wa chuma mbele na pembeni yenye mwanya wa kupitisha bati tu, vidole havipiti. Kama una presi ya aina hiyo tafadhali usidanganywe na batani.

Nilisema mwanzo kwamba niliona mtu akiumia batani zikiwa nzima. Hii ilikuwa baada ya relei kuwekwa, umbali umerekebishwa, kila kitu. Presi ya pili ilikuwa na opereta na helpa, helpa anasimama upande wa nyuma akitoa vipande vilivyokatwa. Opereta mikono yake yote miwili iko kwa batani, salama kabisa. Helpa akaona kipande kimebaki, akaingiza mkono kutoka nyuma. Alibanwa ncha ya kidole, Mungu alisaidia mfupa haukuvunjika. Opereta alilia kuliko yule aliyeumia, alikuwa anarudia tu, "Sikumwona, sikumwona," na kweli hakuweza kumwona, kichwa cha presi kiko katikati.

Batani mbili zinalinda mikono ya yule anayezifinya. Mwingine yeyote hazimjui. Kama watu ni wawili kwenye mashine, kila mmoja awe na batani zake mbili na presi isishuke mpaka zote nne zifinywe, ama upande wa nyuma ufungwe na kinga asiweze kufika. Sisi tulifunga nyuma, tukatengeneza mteremko wa bati vipande vidondoke vyenyewe kwa karai. Ilitugharimu siku moja ya welda na mabaki ya bati yaliyokuwa yamelala uwanjani. Mpaka leo nikifikiria hiyo inanichoma roho, kitu cha siku moja.

Kuhusu ule mkono wa tatu wa dada yetu, dawa ilikuwa jigi, yaani kishikilizo cha kukaa na kipande mahali pake. Tulimwita yeye mwenyewe, tukakaa na fundi wa dai, yeye akaonyesha kibano kinaanguka upande gani, tukaweka vijino viwili na sumaku ndogo kikae chenyewe. Kwa zile kazi ambazo bado mtu anaweka kipande kwa mkono tulinunua koleo ndefu za sumaku. Batani ngumu zikatolewa zikawekwa zile kubwa laini unazofinya na kiganja. Malipo yalikuwa vita ndefu zaidi. Kamati ilipendekeza walipwe kwa siku na bonasi ndogo kwa ubora, bosi alikataa mwanzoni akasema watu watalala, tukakubaliana tujaribu kwa presi moja. Vipande vilivyoharibika vilipungua sana, na hilo ndilo lilimshawishi, usalama pekee haungemshawishi. Nasema hivyo kwa sababu mwingine atakuwa na bosi kama huyo na atahitaji kujua aanzie wapi.

Kila asubuhi kabla ya kazi opereta sasa anajaribu mashine ikiwa tupu. Afinye ya kushoto peke yake, presi isitingishike. Ya kulia peke yake, vilevile. Afinye moja, ahesabu moja mbili, afinye ya pili, ikatae. Afinye zote ishuke, aachilie moja katikati, isimame palepale. Mzunguko ukiisha, abaki ameshika moja na kufinya nyingine, ikatae. Ikifeli hata moja, presi inazimwa na kadi nyekundu inaning'inizwa. Haichukui muda kushinda kunywa kikombe cha chai. Wakati wa kubadilisha dai, batani hazihesabiki kabisa, umeme unazimwa na kufungwa na kufuli, upepo unatolewa, na gogo la chuma linawekwa chini ya kichwa cha presi. Fundi wa dai anakaa na ufunguo wa kufuli mfukoni mwake mwenyewe.

Kama sehemu yenu ni watu 20 ama zaidi, sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe ndani yake, si mameneja peke yao. Sheria hiyohiyo inasema ukimripotia mkubwa wako hatari kubwa unayoiona, hatakiwi kukulazimisha urudi hapo mpaka irekebishwe. Andika, weka tarehe, piga picha ya barua. Najua kwa kibarua wa getini ni ngumu kusema hivyo peke yake, ndiyo maana sisi tulikuwa tunapeleka kwa jina la kamati. Ofisi za DOSHS ziko Commercial Street hapa hapa Industrial Area, mtu anaweza kufika kwa miguu.

Yule kijana wa kwanza alirudi, sasa yuko stoo na anajifunza kushika nyundo na mkono wa kushoto, mtihani wa NITA bado anautaka. Zile presi mbili za upepo ziko sawa. Ya pini bado inafanya kazi ndani ya wavu wake, kamati imeandika barua ya tatu ikiomba iuzwe na inunuliwe ya klachi ya upepo, na mkutano wa kuijadili umewekwa mwisho wa mwezi.